Dogo anataka kufuga na kushika nyoka wa sumu, nimwambie nini aelewe?

Kaka Mkubwa
Wakuu habari za muda huu. Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, huyu dogo amekolewa na zile video za jamaa wanaoshika mijoka mikono mitupu, usiku kucha yuko intaneti, mwanzoni nikajua ni utoto utapita lakini sasa hivi anasema na yeye anafungua chaneli yake, kashanunua ile fimbo ya chuma yenye ndoano na anawasiliana na mtu wa kumuuzia swila. Nimemkataza ananijibu kwa kujiamini kabisa kwamba nyoka hana shida na mtu anayemjua, tena nyoka mwenye sumu kali kuliko wote duniani, taipani sijui wa wapi, hajaua mtu hata mmoja, kwa hiyo watu wanaogopa bure tu. Nikaenda kutafuta ili nimuumbue, nikakuta hilo la taipani ni kweli. Nikaishiwa pozi.

Sasa wenye uelewa nisaidieni. Reptilia hatari kabisa duniani ni wepi, na kwa nini mtu akae nao mbali, ila naomba sababu zenye mashiko maana huyu ukimwambia nyoka ni mbaya anakuona mshamba. Mama hajui chochote, akijua patachimbika.

Kijiwe Nongwa
Navuta kiti nikae mbele. Mwambie dogo chaneli kufungua ni rahisi, shida ni nani atakuja kuifunga.

Nesi wa Zamu
Kaka Mkubwa, dogo hajadanganya, kachukua nusu ya habari akakimbia nayo. Taipani wa bara yuko Australia, na katika nyoka waliopimwa sumu maabara kwa panya yeye ndiye anaongoza. Lakini anaishi maeneo makame ya ndani huko hakuna watu, ni mwoga, akisikia vishindo anazama kwenye nyufa za ardhi. Hao wachache aliowahi kuwang'ata wengi wao ni haohao wafugaji na washikaji, yaani watu dogo anaotaka kufanana nao, na wakapona kwa sababu kule dawa ya sumu yake ipo na walifikishwa hospitali. Kwa hiyo huo mfano unamgeukia mwenyewe.

Sasa mwambie atafute kanyoka kanaitwa Echis, jamii ya kifutu, magamba ya ubavuni yana meno kama ya msumeno. Kapo Afrika Magharibi, Uarabuni mpaka India. Mara nyingi hata mita moja hakafiki na kwenye ile orodha ya sumu iliyopimwa kwa panya hakamkaribii taipani, lakini kanatajwa kati ya nyoka wanaoua watu wengi kuliko wote duniani. Kanakaa mashambani wanakopita watu peku, rangi yake ni ya udongo, kana hasira za karibu, na kule kanakong'ata hospitali yenye dawa iko mbali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kila mwaka watu milioni 5.4 hivi wanang'atwa na nyoka, wanaokufa ni kati ya 81,000 na 138,000, na wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu ni kama mara tatu ya hao wanaokufa. Dogo anawaza kufa tu, hajawaza kuishi bila mkono.

Na kuna kipimo nataka umsimulie. Mtu aking'atwa na nyoka wa aina hiyo, tunachukua damu kidogo tunaiweka kwenye kichupa cha kioo, kisafi na kikavu, tunakiacha dakika 20 bila kukitikisa kisha tunakiinamisha. Damu ya mtu ambaye hana tatizo inakuwa imeshaganda, inabaki chini. Ya aliyeingiwa na sumu inatiririka mpaka mdomoni mwa chupa, majimaji vilevile kama dakika ya kwanza. Ukishaona hivyo unajua fizi zitaanza kuvuja, mkojo utakuja na damu, na inaweza kuvujia hata kichwani.

Mzoefu wa Porini
Nesi kamaliza ila naongezea. Koboko mmemsahau, yule Wazungu wanamwita black mamba, mrefu wa kijivu ambaye weusi wake uko ndani ya mdomo. Habari za kwamba anakimbiza watu na farasi ni chumvi, mara nyingi anakimbilia shimo lake na wewe ndio umesimama njiani. Ila akikung'ata hana masihara, sumu yake inashambulia mishipa ya fahamu, kope zinalegea, maneno yanakuwa mazito, mwisho misuli ya kupumua inagoma, na bila dawa na mashine ya kupumulia kupona ni bahati kubwa sana. Halafu kifutu mwenyewe, huyu mnene mvivu, yeye hakimbii kabisa, analala njiani anategemea rangi yake imfiche mpaka umkanyage, ndio maana anang'ata watu wengi hivyo. Wawili hawa tabia zao tofauti kabisa, sasa dogo aniambie huko "kumjua nyoka" anamjua yupi.

Mtu wa Mtoni
Mnahangaika na nyoka, nyoka anang'ata kujitetea. Mamba anakuwinda akule, hiyo ni kesi nyingine. Mamba wa mto Naili na yule wa maji chumvi ndio wanaoongoza kwa kuua watu. Wa maji chumvi ndiye reptilia mkubwa kuliko wote walio hai, mwaka 2011 Ufilipino walimnasa mmoja wakampa jina Lolong, alipimwa mita 6.17 na uzito wa zaidi ya tani moja. Mwaka uliofuata watafiti wakatoa vipimo vya nguvu ya taya za mamba wa kila aina na wa maji chumvi akatoka na rekodi ya juu kuliko mnyama yeyote aliyepimwa. Cha ajabu misuli ya kufungulia huo mdomo ni dhaifu, ukishafungwa unabanwa kwa kamba tu, ndio kinachowapa kichwa hao wa kwenye video, wanamkalia mgongoni huku watu wanapiga makofi, hawaonyeshi wenzao wanne waliolala kwenye mkia nje ya kamera.

Kitu watu hawaelewi ni kwamba mamba ana subira na anakariri. Ukishuka kuchota maji sehemu ileile saa ileile kila siku, yeye anajua ratiba yako. Anakuja chini kwa chini, maji yametulia, hatua ya mwisho ni mruko mmoja. Akishika anajizungusha ndani ya maji mpaka kiungo kinang'oka. Ushauri ni mmoja, kaa mita kadhaa kutoka ukingoni na badilisha sehemu. Ile ya kukimbia kwa kupindapinda nchi kavu achaneni nayo, kimbia moja kwa moja kutoka majini, anachoka haraka.

Kijiwe Nongwa
Na yule mjusi mkubwa, joka la Komodo? Nasikia mate yake yana bakteria unaoza ukitembea.

Mpenda Mijusi
Hiyo ya bakteria imepitwa na wakati, mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba Komodo ana tezi za sumu kwenye taya la chini, inazuia damu kuganda na kushusha presha. Anafika mita tatu na amewahi kuua watu kule Indonesia ila ni mara chache. Chatu naye hana sumu lakini mwaka 2017 Sulawesi, Indonesia hiyohiyo, walimpasua chatu wa mita saba wakamkuta mtu mzima ndani. Na hata vikobe vidogo vya kufuga vina mambo yake, Marekani walipiga marufuku kuuza vile vya chini ya sentimita 10 tangu 1975 kwa sababu watoto walikuwa wanavitia mdomoni na kuugua salmonela, bakteria wa kuharisha.

Mimi mwenyewe nafuga wasio na sumu na hawa wanyama nawapenda, kwa hiyo siji kumtisha dogo, nakuja na majina mawili. La kwanza Karl Schmidt, bingwa wa nyoka wa makumbusho ya Chicago. Septemba 1957 aliletewa kibumslangi, yule nyoka wa mitini, kadogo, akitambue ni cha aina gani. Akakishika vibaya kikamng'ata kwenye kidole gumba, jino moja tu likazama. Akaona kwa nyoka mdogo vile na jino moja hakuna kitu, akapanda treni akarudi nyumbani huku anaandika kwenye daftari kila dalili anayoisikia, homa, fizi kutoa damu, kichefuchefu. Asubuhi akaamka ana nafuu, akala kifungua kinywa, akawapigia ofisini kwamba anarudi kazini. Mchana huohuo alikufa. Ile sumu inafanya kazi polepole, inamaliza uwezo wa damu kuganda wakati mtu anajiona mzima.

La pili Joe Slowinski, Mmarekani, bingwa wa kraiti, nyoka wa sumu kali wa Asia, na jamii ya swila. Septemba 2001 yuko msituni Myanmar, analetewa mfuko, anaambiwa ni nyoka fulani asiye na sumu anayefanana sana na kraiti, anaingiza mkono. Alikuwa kraiti. Kidonda hata hakikuonekana vizuri. Wenzake walimpulizia pumzi kwa midomo kwa zamu saa nyingi huku helikopta inashindwa kufika kwa hali ya hewa, na hawakufanikiwa. Sasa hao wawili ndio walikuwa wanaandika vitabu ambavyo wengine wanasoma. Dogo anajifunza kwenye klipu ya dakika tatu iliyokatwa sehemu zote mbaya.

Kaka Mkubwa
Aisee nimemsomea yote haya. Ya Schmidt kakaa kimya kidogo, halafu akarudi na Bill Haast, eti alijichoma sumu kidogokidogo mwili ukazoea, aking'atwa anapona, na kaishi miaka 100. Hapo mnajibuje?

Mpenda Mijusi
Haast ni kweli, aliendesha kituo cha nyoka Miami, aling'atwa zaidi ya mara 170 na alifariki 2011 akiwa na miaka 100. Mwambie atafute picha za mikono yake uzeeni, vidole vimepinda, kimoja hakipo. Alianza kujichoma 1948 na aliendelea miaka na miaka, na kinga ya namna hiyo inaenda na aina ya sumu, ukizoea ya swila haikusaidii kwa kifutu, na nyama kuoza pale palipong'atwa haizuiliki kirahisi. Halafu amalizie habari yote, mwaka 1977 mtoto wa miaka sita alitumbukia kwenye shimo la mamba palepale kituoni kwake akauawa, Haast mwenyewe akampiga mamba risasi. Mwenye kinga alikuwa Haast. Ninyi mnaoishi nyumba moja na dogo hamna.

Mchumi Kwenu
Mbona mnamtisha kijana, si awe tu na lile jiwe jeusi la kunyonya sumu na wembe pembeni.

Nesi wa Zamu
Mchumi tafadhali usiandike hivyo watu watafuata. Nyoka wa sumu kuna mara anang'ata bila kumwaga sumu, mtu anapona mwenyewe halafu jiwe ndio linasifiwa. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza maana unaweza kuua mkono mzima, usiweke barafu. Vua pete na saa kabla ya uvimbe, kiungo kikae bila kuchezeshwa kama kimevunjika, mtu abebwe asitembee, hospitali moja kwa moja. Usimfuate nyoka umuue ili uje naye, kichwa kilichokatwa bado kinang'ata, mwaka 2018 Texas kuna mtu aling'atwa na kichwa cha nyoka wa njuga alichokikata mwenyewe, akahitaji dozi nyingi za dawa. Picha ya mbali inatosha.

Mpenda Mijusi
Kaka Mkubwa usibishane naye tena kuhusu nani hatari. Muulize maswali tu: huyo swila ni aina gani hasa, dawa ya aina hiyo iko hospitali ipi, wanayo leo au walikuwa nayo, nani atamwendesha yeye akiwa haoni vizuri, na kama sheria inamruhusu kumiliki. Wafugaji wa kweli wanayo hayo majibu kabla ya kununua hata sanduku. Akishindwa aanze na wasio na sumu, au aombe kujitolea sehemu wanapofuga kwa kibali afagie mabanda mwaka mmoja, kiu ikibaki hapo tutaongea.

Kaka Mkubwa
Nimemuuliza. Aina hajui, anasema muuzaji kamwambia tu "swila mzuri, anatema vizuri kwa video". Fimbo nimeichukua nimeificha, chaneli kasema atafikiria mambo ya vinyonga.

Nesi wa Zamu
Anayetema analenga macho, na anafika mita mbili na zaidi. Ikitokea kwa yeyote hapo nyumbani usisugue, fungua kope mimina maji safi mengi dakika 15 mpaka 20, maji yakikosekana hata maziwa, kisha hospitali waangalie kioo cha jicho. Na huyo muuzaji mpigie simu wewe mwenyewe leo, kabla hajaleta mzigo.