Bunduki ya kale ya ukoo: ipewe leseni ya kumbukumbu au ibaki polisi?

BintiKalenga (mleta mada): Kamwene wadau. Bunduki ya ukoo wetu ilikaa darini, juu ya jiko la bibi, tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Ni Mauser ya mtindo wa 1871, ile ya risasi moja moja na baruti nyeusi. Ukiisimamisha inanifika kifuani. Moshi ulikuwa umekipaka kitako weusi wa chungu. Simulizi ya nyumbani ni kwamba baba yake babu aliitwaa Lugalo, siku Wahehe walipomuua Zelewski, kamanda wa Wajerumani aliyeitwa Nyundo, pamoja na jeshi lake.

Lilipotoka tangazo la kusalimisha silaha kwa hiari, baba mdogo aliipeleka kwa moyo mweupe, akapewa karatasi. Mwaka jana nilikwenda ofisi moja kuuliza kama naweza kuiomba irudi, nikaimiliki kihalali. Nikaulizwa: ya kulinda mali au ya kuwinda? Nikasema ya kumbukumbu. Nikaambiwa nirudi nikiwa na sababu.

Hoja yangu ni hii: iwepo leseni ya watunzaji wa silaha za kale, mbali na leseni ya mtu anayetaka kupiga risasi. Marekani mtunzaji analipa dola 30 kwa miaka 3, anaandika kila silaha kwenye daftari, na wakaguzi wana haki ya kuja kulisoma daftari hilo. Kwetu tunashindwa nini?

NyanyaZaIlula: Dada, pole, lakini silaha ni silaha. Mwizi akiingia usiku hasomi mwaka uliogongwa kwenye chuma. Risasi za hiyo Mauser hazipo dukani, sawa, ila mafundi wa magobore tunao vijijini. Akipewa mtutu wa Kijerumani, wiki mbili anakurudishia kitu kinachoua. Nimeshuhudia mtu akipoteza vidole vitatu kwa gobore lililopasukia mkononi, kwenye kuwinda ngedere.

Halafu hizi hadithi za Lugalo kila ukoo unazo. Kama zote ni kweli, basi siku ile zilitekwa bunduki elfu kumi. Huenda babu yenu alikuwa askari wa Mjerumani tu, akarudi nayo nyumbani.

MwanaLugalo: Umesemaje? Askari wa Mjerumani? Unajua unachomwambia mtu wa Kalenga? Futa hiyo kauli kabla hatujaendelea.

BintiKalenga: Nilikuja kuomba mawazo kuhusu leseni. Sikuja kutukaniwa ukoo.

NyanyaZaIlula: Sijatukana mtu. Askari walikuwa watu weusi, wana majina na wana wajukuu. Hao wajukuu wako wapi leo? Mbona kila mtu Iringa ni mjukuu wa aliyempiga Mjerumani?

MwanaLugalo: Wajukuu wao waulize Mjerumani aliwatoa wapi babu zao. Wasudani, Wazulu, Wamanyema. Mwaka 1894 pale Lugalo walikutana na mikuki ya Wahehe wakakimbia.

ShambaDarasa_Mafinga: Mkuu, Lugalo ni tarehe 17 Agosti 1891. 1894 ndio Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilipoanguka, Oktoba 30, kwa mizinga ya Wajerumani. Tukibishana, tubishane kwa tarehe sahihi. Bunduki zilizotekwa Lugalo zinatajwa kuwa kama 300, na mizinga 3.

MwanaLugalo: Asante kwa tarehe. Hoja iko palepale: 300 si haba. Zilikwenda wapi? Zimebaki kwenye koo. Huyu dada ana moja.

Wakili_Njombe: Naomba nirudi kwenye mada kidogo, maana hapa ndipo sheria inapomkwamisha dada. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaposema kitu cha kale kinachohamishika, inamaanisha kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Mauser hiyo ni ya mtindo wa 1871. Imekosa kwa miaka minane! Gobore la Mwarabu la 1850 linaweza kuingia kwenye urithi wa taifa, lakini bunduki iliyokuwepo siku Zelewski anauawa haiingii kwa kigezo hicho. Ukija upande wa pili, Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2015 inaitazama kama chuma kinachofyatua risasi.

Uingereza wao walishaamua: silaha iliyotengenezwa kabla ya Septemba 1, 1939, ikiwa ya aina ambayo risasi zake hazitumiki tena, na umeiweka kama pambo au kumbukumbu, huhitaji cheti. Marekani mpaka wao wa silaha ya kale kabisa ni 1898. Sisi tungechagua mwaka gani? Hilo ndilo swali ninalotaka tulijibu.

ShambaDarasa_Mafinga: 1898! Mwaka aliokufa Mkwawa, Julai 19, pale Mlambalasi. Nimesisimka. Basi mpaka wetu uwe 1898 bila mjadala.

Mngoni_wa_Peramiho: Hapo ndipo mnaponiudhi ndugu zetu. Nchi nzima ipangiwe sheria kwa tarehe ya Iringa? Vita ya Majimaji ilianza 1905. Mashujaa wetu walinyongwa Songea Februari 27, 1906. Bunduki ya vita ile ikiwa darini kwa mtu wa Ungoni, ninyi mnaiita chuma cha kawaida, siyo?

MwanaLugalo: Kaka, hakuna aliyesema hivyo. Ila ninyi mlipigana kwa maji.

Mngoni_wa_Peramiho: Rudia tena. Rudia hiyo sentensi mbele ya makaburi ya Mahenge, Songea au popote katika kusini yote iliyokufa kwa njaa baada ya Mjerumani kuchoma ghala na mashamba. Watu walikula mizizi. Wewe unaleta mzaha wa maji?

MwanaLugalo: Nimekosea. Naomba radhi kwa hilo, kwa dhati. La askari sitalisamehe.

MamaRungwe: Wanangu, poeni. Mimi ni mjane, na nilirithi shotigani ya marehemu mume wangu kule Tukuyu, ya kufukuzia nyani kwenye migomba. Nilianzia serikali ya mtaa, nikaenda kata, nikapanda wilayani, kikao baada ya kikao. Kila meza niliyofika waliuliza: huna mtoto wa kiume? Ninaye, yuko Dodoma, na hajui hata inafunguliwaje. Mume wangu mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia taa akiisafisha. Hivyo dada wa Kalenga, kabla ya kuuliza leseni ya kumbukumbu, jiandae na swali hilo.

NyanyaZaIlula: Mama shikamoo. Hilo nakuunga mkono mia kwa mia. Ila ona, wewe ulikuwa na sababu: nyani. Yeye sababu yake ni nini? Ukutani?

BintiKalenga: Ndiyo, ukutani! Na iwekwe ikiwa imezimwa: mtutu uzibwe, pini ya kugonga fataki iondolewe, na fundi wa serikali athibitishe. Nimekubali masharti yote hayo kabla hujaniuliza. Bibi yangu alipokuwa akituhesabia ukoo, alikuwa akinyoosha mwiko kuelekea darini. Sasa darini hakuna kitu, na watoto wangu wakiambiwa habari hiyo wanaangalia bati.

Fuvu la Mtwa Mkwawa lilikaa kwa Mjerumani zaidi ya miaka 50, likarudi 1954. Yeye alitutunzia fuvu kabatini, sisi wenyewe hatuwezi kujitunzia bunduki?

NyanyaZaIlula: Fuvu liko makumbusho Kalenga, halipo sebuleni kwa mtu. Umejijibu. Peleka na bunduki hapohapo.

ShambaDarasa_Mafinga: Hapo jamaa kasema. Makumbusho ya Kalenga, au Boma pale mjini Iringa. Liandikwe jina la ukoo chini yake. Wajukuu watakwenda kuiona.

BintiKalenga: Ningekubali. Niliandika barua mbili kwa taasisi moja kuomba waifuatilie huko iliko. Hakuna jibu. Kila siku nikiamka nafikiria kama imeshachomwa pamoja na silaha nyingine.

MwanaLugalo: Tatizo ni huyu wa Ilula, ameshatia doa. Makumbusho wakisikia “askari” hawataipokea. Dada, kwenye karatasi ya polisi si kuna namba na mwaka? Weka hapa tummalize. Kama mwaka ni wa kabla ya 1891, ilikuwepo Lugalo. Kama ni wa baadaye, basi.

Wakili_Njombe: Namba usiweke hadharani dada, tafadhali. Mwaka unatosha.

BintiKalenga: Imeandikwa 1877.

MwanaLugalo: Kwisha kazi! 1877! Ilula, futa kauli.

ShambaDarasa_Mafinga: Ndugu yangu, subiri. Naipenda Lugalo kama wewe, na nyumbani ni hatua chache kutoka mnara wa Zelewski, lakini hiyo haithibitishi kitu. Mauser za 71 zote ni za kabla ya Lugalo, Ujerumani ilishaacha kuziunda. Ndiyo maana zililetwa huku, kwao zilikuwa zimepitwa. Na vita ya 1914 ilipoanza, kombania nyingi za askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, zilikuwa bado zinazo zilezile, zinafuka moshi kila risasi hadi adui anajua ulipojificha. Bunduki ya 1877 inaweza kuwa ilianguka Lugalo 1891. Inaweza pia kuwa ilitembea na askari hadi Mbala, Zambia ya leo, walikoweka silaha chini Novemba 25, 1918. Chuma ni kilekile.

MwanaLugalo: Basi simulizi ya ukoo ndiyo ushahidi. Wazee hawasemi uongo.

NyanyaZaIlula: Wazee wanaficha. Hilo si uongo.

Mngoni_wa_Peramiho: Kwa hili la Ilula, naafiki. Kwetu pia wapo ambao babu zao walivaa ile kofia yenye kitambaa cha kuziba shingo. Hawasemi misibani, hawasemi harusini.

Wakili_Njombe: Naona swali la mwaka wa mpaka limeachwa njiani. Mimi napendekeza 1918, kwa nchi nzima.

MamaRungwe: Na waandike kwenye fomu kwamba mwanamke anaruhusiwa. Kwa maandishi.

BintiKalenga: Samahani nimepotea siku tatu. Nilikwenda Kalenga kumuuliza shangazi, ndiye mkubwa aliyebaki. Nilimuuliza moja kwa moja: babu alikuwa askari? Alikaa kimya, akaendelea kupukuchua mahindi. Baadaye akasema yeye hajui mambo ya uaskari. Anachokumbuka ni kwamba baba yake akipanda mahindi, alikuwa akihesabu mashimo kwa sauti. Eins, zwei, drei, kwa Kijerumani. Nao watoto walikuwa wakimfuata nyuma wakihesabu hivyo hivyo, wakidhani ndivyo mahindi yanavyopandwa.

Nyanya wa Ilula, sijui nikwambie nini. Simulizi ya Lugalo inamhusu baba yake babu, na labda bado ni kweli. Labda ni bunduki mbili tofauti. Ninachojua, bado naitaka ile bunduki, na sasa naitaka kuliko nilipofungua huu uzi. Wakili, niandikie nianzie kwa nani.

Wakili_Njombe: Anza na mtendaji wa kata, uwe na karatasi ya baba mdogo na barua ya ukoo. Shangazi aweke dole gumba.

MwanaLugalo: Kofia na bunduki ni vitu viwili tofauti. Naomba shangazi aulizwe tena.