Ubongo unajuaje kuwa zamu yangu ya kusema imefika?

Swali: Kati ya msemaji na mjibu hupita kama milisekunde 200 tu, ilhali kutaja jina la picha moja huchukua kama 600. Inawezekanaje?

Jibu 1: Jibu huandaliwa mwenzako angali anasema. Sikiliza "Nimekisoma…": hiyo "ki" peke yake imeshaondoa gazeti na barua, kitabu kiko mbele. Likija neno lisilotarajiwa, wimbi la umeme wa ubongo liitwalo N400 huongezeka, kama milisekunde 400 baadaye. Watafiti Kutas na Hillyard walilionyesha mwaka 1980.

Jibu 2: Kwa wenye lugha mbili wanapoandaa jibu, lugha zote mbili huwa macho hata ukitumia moja. Tena kurudi kwenye lugha uliyoimudu zaidi ndiko huchelewesha mara nyingi, pengine kwa kuwa ilibanwa zaidi ulipokuwa ukitumia ile nyingine. Ukijipima muda wa kubadili lugha, pima kwenda na kurudi.