Programu yangu inagandisha puli kwa sekunde mbili, nakosea wapi?

Kijana wa Sombetini:
Wakuu heshima kwenu. Niko mwaka wa mwisho, uhandisi mitambo, hapa Arusha. Mradi wangu ni hesabu za joto wakati alumini inaganda ndani ya kalibu ya mchanga. Mafundi ninaokwenda kwao Unga Limited wanasubu puli za mashine za kukoboa. Kitovu cha puli ni sm 8 kwa sm 8, diski yake ina unene wa sm 1. Wakikereza tundu la shafti wanakuta pango ndani ya kitovu, puli inarudi tanurini.

Nimekigawa kitovu toka ukingo hadi katikati kwa vipande vya mm 5, hatua ya sekunde 0.1. Naanzia nyuzi 720, ukingo nimeuweka 25. Katikati inafika 660, alumini inapoganda, kwa sekunde mbili! Fundi kacheka mpaka kakaa chini. Aliwahi kufungua moja baada ya dakika mbili, katikati ikamwaga uji. Nikiweka vipande vya mm 1 ndiyo balaa, namba zinalipuka. Msimamizi anataka kazi Ijumaa.

Mama Hesabu:
Dogo, joto fichi, lile linalotoka wakati wa kuganda bila nyuzi kushuka, umeliweka wapi? Kilo moja ya alumini ikishuka toka 720 hadi 660 inatoa kama kJ 66. Kuganda kwenyewe, palepale 660, kunatoa karibu kJ 400. Umehesabu chenji ukaacha noti.

Kulipuka ni kosa jingine. Hatua ya muda isizidi mraba wa kipande ukigawa kwa mara mbili ya usambaaji joto, yaani namba ya jinsi joto linavyosambaa upesi ndani ya metali. Kwa alumini safi na mm 1 hiyo ni sekunde 0.005 hivi. Wewe uko 0.1.

Tanuri la Pasua:
Na huo ukingo wa nyuzi 25 umeutoa wapi? Hapo umeitumbukiza puli kwenye maji yasiyopata moto. Mchanga unapitisha joto vibaya mno, alumini inaushinda mara mia kadhaa. Kinachochelewesha ni mchanga, kwa hiyo hesabu vipande vya mchanga. Halafu alumini chakavu ya pistoni ina silikoni, haigandi yote 660, inamalizikia kwenye 577 hivi. Usimdanganye msimamizi kwa alumini ya kitabuni.

Mama Hesabu:
Kweli kaka. Kabla ya kompyuta tumia kanuni ya Chvorinov ya 1940: gawa ujazo kwa eneo la uso, muda wa kuganda unafuata mraba wa jibu hilo. Kitovu kinatoa sm 1.33, diski kama sm 0.5. Kitovu kinachelewa mara saba! Diski ikishaganda, kitovu kinaposinyaa hakuna wa kukilisha.

Kijana wa Sombetini:
Shikamoo mama. Kwa hiyo pango ni njaa ya kitovu?

Mama Hesabu:
Marahaba. Ndiyo. Weka raiza juu yake, yaani akiba ya alumini ya kukilisha, ujazo wake ukigawa kwa uso utoe mara 1.2 ya hiyo 1.33. Silinda ya sm 10 kwa 10 inatosha.

Tanuri la Pasua:
Na aifunike majivu juu isigande mapema. Mkuu, mchanga wenu mnaunyunyizia maji kiasi gani? Isije ikawa mapango mengine ni ya mvuke.

Kijana wa Sombetini:
Nimeongeza joto fichi na mchanga: dakika sita na ushee. Unyevu kesho nitamuuliza fundi, nikimkuta hajaanza kucheka.