Mrejesho: Nanga iliyoburura kwenye ghuba ngeni

Wakuu, niliuliza hapa kwa nini nanga ya chombo chetu iliburura usiku (iliteleza chini ya bahari bila kushika), mimi na mke wangu tukalazimika kuwasha injini gizani kwenye ghuba tusiyoijua. Asanteni sana, kosa lilikuwa kwenye hesabu. Tulifika maji yamekupwa, kina mita 4, nikatoa mnyororo wa mita 20 nikiamini ni mara tano ya kina, na kwamba inatosha. Sikuhesabu mita 1 kutoka usawa wa maji hadi omo (sehemu ya mbele ya chombo), wala mita 3 za maji kujaa. Kumbe usiku kimo kutoka omo hadi chini ya bahari kilikuwa mita 8, na mnyororo haukufika hata mara tatu yake!

Jana tulirudi palepale. Mke wangu alishika usukani, mimi omo, tukielewana kwa ishara za mikono maana upepo humeza sauti. Tulizunguka kwanza tukipima kina, tukachagua mchanga badala ya majani ya bahari, tukatoa mita 40 taratibu chombo kikirudi nyuma. Kisha injini kinyumenyume mpaka mnyororo ukakaza. Nikapima kwa dira alama mbili za nchi kavu. Kila nilipoamka kuzipima, dira ilionyesha vilevile, yaani chombo hakikusogea. Upepo ulivuma hadi alfajiri, na mke wangu alilala fofofo.