Tupeane uzoefu: Ulilipataje chanuo linalofaa nywele zako ndefu?

Mwanzilishi wa mada, Donholm

Ndugu zangu, ninaomba tusimuliane namna kila mmoja wetu alivyolipata chanuo analolitumia sasa, hasa wale ambao nywele zao zimepita mabega. Nitaanza mimi. Nywele zangu zilipokuwa fupi, nilinunua chanuo lolote nililolikuta kwa wachuuzi wa Barabara ya Tom Mboya, na sikuona madhara. Zilipofika katikati ya mgongo, nilianza kukuta vipande vifupi vya nywele kwenye beseni kila asubuhi, navyo havikuwa na kile kivimbe cheupe cha shina upande mmoja. Kichwa chenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, lakini hizo hutoka na shina lake. Zangu zilikuwa zinakatika.

Kilichonifumbua macho ni hesabu. Nywele hukua takriban sentimita moja na robo kwa mwezi, kwa hiyo ncha ya unywele wenye urefu wa sentimita 60 imekaa kichwani kwa miaka minne. Imepitiwa na sabuni, jua, mto wa kulalia na pengine dawa za saluni, hata magamba yake ya nje yamelika. Chanuo ambalo halidhuru nywele changa za karibu na ngozi linaweza kuirarua ncha hiyo.

Nilipolichunguza chanuo langu penye mwanga wa dirisha, niliona mstari mwembamba ubavuni mwa kila jino. Ni mshono unaobaki pale ambapo pande mbili za kalibu hukutana plastiki inapotengenezwa, nao hukwangua unywele kila unapopita. Siku hizi ninapokwenda dukani hubeba soksi nyembamba ya nailoni mkobani, nikalipitisha chanuo juu yake taratibu. Likinasa uzi, ninalirudisha mezani. Muuzaji mmoja wa Dubois Road alishangaa mwanzoni, kisha akanisaidia kujaribu mengine sita hadi tukalipata moja ambalo meno yake yalikuwa yamesuguliwa yakawa laini.

Msusi, Kenyatta Market

Dada, umegusa jambo ninalolishika mikononi kila siku. Huu ni mwaka wangu wa 14 katika kazi ya ususi, na wengi wanaokuja kwangu baada ya kufumua misuko ya miezi miwili huwa wamekwisha kuzichana nywele nyumbani zikiwa kavu. Nywele za kipilipili hujikunja na kujizungusha tangu mzizini hadi nchani, na kila penye mkunjo ni mahali ambapo unywele unaweza kukatika ukivutwa kwa nguvu. Ndiyo maana mimi huzilowesha kwanza kwa maji na kondishona, nikazigawa mafungu manne au sita, nikafungua mafundo kwa vidole, na hapo ndipo ninapochukua chanuo ambalo meno yake yameachana kiasi cha penseli kupita, nikaanzia nchani na kupanda kidogo kidogo. Tazameni pia urefu wa meno. Nywele zikiwa nzito na jino likawa fupi, chanuo huteleza juu juu tu, na fundo hubaki chini likikaza.

Nina kisa ambacho hakijanitoka moyoni. Nilipokuwa ninajifunza kazi, kwa haraka ya kumridhisha mwalimu wangu, nilitumia kitana chenye mkia kuchana kichwa kizima cha mama mmoja, ilhali kazi ya kitana kile ni kugawa mistari. Sakafu ilijaa nywele. Mama yule hakusema neno. Aliziokota mwenyewe, akazifunga katika leso na kuondoka nazo.

Binti wa Lamu, South C

Kwangu mambo ni kinyume kidogo, kwa kuwa nywele zangu ni za singa na zinafika kiunoni. Nywele zikiwa zimelowa huvutika kuliko zikiwa kavu, na zangu zikivutwa katika hali hiyo hukatika upesi, kwa hiyo husubiri zikauke nusu, kisha nikaanza na meno yaliyoachana kabla ya kuyafikia yaliyokaribiana.

Lamu sikuwahi kuona nywele zikisimama baada ya kuchanwa. Nilipohamia Nairobi, ilipofika Januari na hewa ikawa kavu, kitana cha plastiki kilizifanya zinirukie usoni na kujifunga mafundo mapya papo hapo, kwa sababu plastiki ikisuguana na nywele kavu huzalisha umeme tuli. Chanuo la mbao limenipunguzia sana tatizo hilo. Hata hivyo mbao nayo ina masharti yake: lisiwe na vibanzi, lisilowekwe majini kwa sababu litavimba na kupasuka, na mara moja moja lipakwe mafuta ya nazi. Mama yangu hulipangusa la kwake kwa kitambaa kibichi tu.

Baba wa mabinti wawili, Umoja

Ninawashukuru. Mke wangu hufanya kazi za usiku, na kila Jumapili mimi ndiye ninayewachana watoto. Mdogo hulia kabla sijamgusa. Dada msusi, chanuo letu limevunjika jino moja katikati. Je, hilo linaweza kuwa ndilo linalomuumiza, au ni mkono wangu?

Msusi, Kenyatta Market

Baba, litupe leo hii. Kisiki cha jino lililovunjika huwa na ukingo mkali unaonasa nywele na kuchubua ngozi ya kichwa, hata mkono uwe mwepesi namna gani. Kisha, unapochana, lishike fungu la nywele kwa mkono mwingine juu ya mahali penye fundo, ili mvuto uishie kwenye vidole vyako na usifike kwenye ngozi ya mtoto.

Baba wa mabinti wawili, Umoja

Nimenunua jipya, nimelipitisha kwenye soksi, na jana nilishika fungu kama ulivyonielekeza. Mdogo alilia mara moja tu, kwenye kisogo, palipokuwa na fundo lililokaa tangu Alhamisi. Fundo hilo nililiacha, nikalipaka kondishona, nikalirudia baada ya chai.