Tupeane uzoefu: una elfu hamsini tu ya tangazo, unaipeleka mtandao gani?

Madera ya Tanga: Wakuu, kuna kijana kanipigia leo anataka anifundishe kutangaza mtandaoni "kwa mtaji mdogo", nimecheka peke yangu dukani. Waliotangaza kwa hela ya mboga mseme. Mimi niko Instagram, tangazo linampeleka mteja WhatsApp moja kwa moja. "Bei?" ni nyingi, wanunuzi wachache, ila hao wachache ndio wanaolipa kodi ya fremu.

Fundi Baridi: Natengeneza friji Moshi, kwangu Google tu. Friji ikimfia mtu na nyama imo ndani, haangalii picha, anaandika "fundi friji Moshi". Akibonyeza unalipa, asipobonyeza hulipi. Ila usishtuke, siku moja inaweza kula hadi mara mbili ya bajeti ya siku, halafu inafidia siku nyingine. Na kwenye eneo chagua walioko hapo tu. Ukiacha ilivyo, inahesabu hata anayependezwa na Moshi akiwa mbali. Mjerumani anayeota Kilimanjaro hana friji la kunipa.

chipsi_kavu: Hiyo ya eneo ni kweli tupu.

Madera ya Tanga: Nani anaandika "dera la bluu Tanga" Google? Nguo inauzwa kwa macho, kaka.

Fundi Baridi: Basi andikeni bei!

Madera ya Tanga: Jirani yangu ashushe buku? Thubutu.

Mdau wa Mbagala: TikTok, akaunti kamili ya matangazo inataka dola 20 kwa siku kwa kila kundi la matangazo. Wenzangu na mie tubaki na kile kitufe cha kukuza video kwenye simu.

Mama Keki: Nimesoma hapa nikakumbuka yangu. Nilimpata kijana, anajiita mtaalamu wa matangazo. Akaomba uadmini wa ukurasa wangu wa Facebook, nikaunganisha na kadi ya malipo ya kwenye simu. Mwanzoni oda zilikuja kweli, namsifia kwa majirani. Jumamosi moja nimepeleka keki ya harusi, simu inatetemeka mfululizo: makato, makato, makato. Nafungua ukurasa, keki zangu hazipo! Kuna jamaa kashika bunda la noti, "bashiri ushinde". Mama wa bwana harusi naye kaliona kwenye simu yake, ananiuliza mbele za watu, "Mama, siku hizi unachezesha kamari?" Nataka kumtoa yule kijana, kumbe kanitoa yeye. Kadi ndiyo iliniokoa, salio liliisha.

chipsi_kavu: Keki ilikatwa lakini?

Mama Keki: Ilikatwa. Mikono yangu ndiyo ilikuwa inatetemeka.

Mdau wa Mbagala: Hao dawa yao polisi.

Fundi Baridi: Polisi baadaye. Kwenye akaunti ya matangazo ya Facebook kuna ngazi ya mtangazaji, mpe hiyo tu, uadmini baki nao. Pia weka kikomo cha matumizi cha akaunti nzima, kikifika matangazo yanasimama.

chipsi_kavu: Au mpe mke wako awe admin, hakuna atakayepita.

Madera ya Tanga: Mke ndiye atakayeona meseji zote. Hapana.

Mdau wa Mbagala: Mama Keki, uko Dar? Mwanangu ana kipaimara. Keki ya kilo mbili bei gani?

Mama Keki: Njoo inbox.

Fundi Baridi: Nyinyi watu!