Nimepata jongoo bahari asiyefanana na yeyote, nianzie wapi kumwelezea?

Mwanafunzi_Chwaka: Wakuu, salaam. Niko mwaka wa mwisho, nasoma viumbe wa bahari. Wakati wa bamvua niliokota jongoo bahari ghuba ya Chwaka, Zanzibar. Ni mweusi, mgongoni kagandwa na mchanga, ukimsugua anatoa majimaji mekundu. Nilipomshikashika akatoa nyuzi nyeupe zinazonata. Nimemlinganisha na picha zote nilizonazo, hafanani na yeyote. Naamini ni spishi mpya. Naombeni ushauri: maelezo ya spishi yanaanza na umbo la nje au viungo vya ndani? Siku ya kuwasilisha imekaribia na usingizi sipati.

Mzee_wa_Dau: Kijana, mweusi ni pauni mweusi, yule jongoo wa biashara, hana mjadala. Sisi tulimzamia tangu ujana, mnunuzi alikuwa anatusubiri pwani na mizani yake. Leo unazunguka mwamba mzima humwoni. Nyinyi wasomi mtuambie watarudi lini, majina tunayo.

Bi_Mwani: Mie nalima mwani Paje. Tuliwahi kuweka uzio wa aina ile iitwayo jongoo mchanga, tukawalea mpaka wakanona, usiku mmoja wezi wakazoa wote. Nililia kama nimefiwa. Mwanangu, jongoo mwache baharini, anakula mchanga na kuutoa safi. Ila hongera kwa masomo.

Hadubini: Mleta mada, jongoo hatambuliwi kwa rangi. Kata kipande kidogo cha ngozi ya mgongoni, kingine cha tumboni, na ncha ya mnyiri wa mdomoni. Kila kimoja kitie matone ya jiki. Nyama itayeyuka, vitabaki vijiwe vya chokaa. Suuza kwa maji, tazama kwenye hadubini. Kuna vinavyofanana na vimeza vyenye mnara, kuna vya mfano wa vifungo vya shati, kuna vya mfano wa viua, yaani maua madogo. Wewe umeona vipi?

Mwanafunzi_Chwaka: Sijaona kitu, na hiyo ndiyo hoja yangu kubwa! Nimetazama ngozi ya kila upande, hana vijiwe kabisa. Ndiyo maana nasema ni mpya.

Hadubini: Ulimhifadhi kwenye nini?

Mwanafunzi_Chwaka: Kwenye chupa.

Hadubini: Chupa yenye nini?

Mwanafunzi_Chwaka: Formalini, ndiyo iliyokuwepo maabara. Yumo tangu muhula uliopita. Lakini samaki wetu wote tunawaweka humo na hawaharibiki, kwa hiyo sioni tatizo. Halafu rasimu nimeshampa msimamizi, jongoo nimempa jina la marehemu bibi yangu, na nyumbani wameshajua.

Hadubini: Formalini isiyotiwa boraksi hugeuka tindikali, na tindikali inakula chokaa. Vijiwe alikuwa navyo, vimeyeyukia chupani. Vinasaba navyo formalini inavivuruga. Ungemtia ethanoli ya asilimia 70. Mfano ni jongoo aitwaye Holothuria lessoni: alihesabiwa miaka mingi kuwa ni jongoo mchanga wa rangi nyingine tu. Alipewa jina lake 2009, baada ya vijiwe na vinasaba kuwekwa mezani pamoja.

Kijiwe_cha_Kahawa: Jamani, bibi wa watu katiwa kwenye formalini 😂

Mkweli_Daima: Hii ni chai. Koti la mchanga na majimaji mekundu ni Holothuria atra, na atra hana nyuzi za kunata hata moja. Mwenye nyuzi ni ndugu yake, Holothuria leucospilota. Huyu kachanganya kurasa mbili za kitabu. Au ni dalali anatafuta karatasi ya kusema mzigo wake si pauni, maana pauni wamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2020. Weka picha.

Mzee_wa_Dau: Madalali ndio waliotumalizia bahari. Kama ndiye, aondoke humu.

Mwanafunzi_Chwaka: Mimi si dalali wala situngi! Nyuzi nimeziona kwa macho yangu, zilinata vidoleni na kwenye ukingo wa ndoo.

Bi_Mwani: Ndoo ilikuwa na wangapi, baba?

Mwanafunzi_Chwaka: Wawili. Wote weusi. Mmoja nilimtoa chini ya jiwe, mwingine alikuwa wazi mchangani. Nikahifadhi mmoja, mwenzake nikamrudisha baharini. Lakini aliyetoa nyuzi ndiye aliye chupani, nina hakika. Karibu na hakika.

Hadubini: Basi hilo lina jibu. Nyuzi si chokaa, formalini haiziyeyushi, na kwa kawaida hatoi zote kwa mpigo. Mpasue kwa urefu, fuata miti ya kupumulia mpaka inapokutana na kloaka, yaani chumba cha mwisho cha utumbo, tazama pale kwenye shina. Ukizikuta, una leucospilota, aliyeelezwa na Brandt 1835. Usipozikuta, uwezekano mkubwa ni atra wa Jaeger, 1833. Halafu omba kibali, urudi kwa mwingine mzima, umhifadhi kwenye ethanoli. Atra ana vimeza na viua, leucospilota ana vimeza na vifungo.

Mwanafunzi_Chwaka: Nikimpasua si naharibu kielelezo? Spishi mpya inatakiwa iwekwe makumbusho.

Hadubini: Waelezao majongoo hupasua. Pete ya chokaa iliyozunguka koo utaionaje kwa nje?

Mkweli_Daima: Picha bado.

Mwanafunzi_Chwaka: Maabara inafunguliwa Jumatatu. Nitampiga picha kwanza, kisha nimpasue. Ila rasimu siiondoi mpaka nione.

Bi_Mwani: Ukiweka picha niite. Weusi hao wote wawili nakutana nao kila maji yakitoka.